Babu anataka kutoka, mlango una namba: ni sheria gani inaturuhusu kumfungia?

#1 KeaWaUsiku
Habari wakuu. Nina miezi mitano nikiwa kea (mtunzaji) kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huku Uingereza. Kuna babu mmoja (jina na mji naviacha), kila ikifika saa kumi jioni anavaa koti, anachukua kofia, anakwenda mlangoni. Mlango unafunguka kwa namba na yeye hapewi namba. Ananiita: "Kijana, nifungulie, nachelewa." Nimefundishwa kumjibu "tunywe chai kwanza." Tunakunywa chai. Kesho yake saa kumi yuko palepale na koti lake.

Nikamuuliza kiongozi wa zamu, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumfungia mtu mzima asiye na kosa? Akanijibu "ana dolsi," akaendelea kugawa dawa. Kwenye faili nimekuta fomu ya maombi. Majibu ya maombi sijayaona. Wengine wananiambia sheria hii ilishabadilishwa 2019, wengine wanasema haijabadilika kitu. Mwenye kujua atufungue macho.

#2 Mpigambizi
Naweka kambi hapa. Ngoja wajuvi waje.

#3 BintiSheria
Mleta uzi, umebeba maswali matatu kwenye kikapu kimoja.

Sheria mama ni ile ya Uwezo wa Kiakili ya 2005. Inamhusu mtu wa miaka 16 na kuendelea. Inaanza kwa kusema kila mtu anahesabiwa anaweza kuamua mambo yake hadi ithibitike kuwa hawezi. Kabla ya kusema hawezi, lazima umsaidie kwanza: umueleze polepole, kwa picha, kwa lugha yake, saa ambayo akili yake imetulia. Na ukiona ameamua jambo ambalo wewe unaliona la kijinga, huo peke yake si ushahidi kwamba hawezi kuamua.

Kipimo chenyewe: anaelewa anachoambiwa? Anakishika kichwani muda wa kutosha? Anakipima, akaona faida na hasara? Anaweza kutoa jibu kwa njia yoyote, hata kwa kukonyeza? Akishindwa hata kimoja, na sababu ni hitilafu kwenye akili au ubongo, basi hana uwezo kwa uamuzi HUO, kwa wakati HUO. Hakuna kitu kinaitwa "hana uwezo" basi nukta. Babu anaweza kushindwa kuamua akaishi wapi, na bado akawa na haki yake yote ya kuamua avae koti gani.

Dolsi ni idhini ya kumnyima uhuru mtu wa miaka 18 na zaidi aliye hospitali au kwenye nyumba ya matunzo. Iliongezwa na sheria ya 2007, ikaanza kazi Aprili 2009. Nyumba yenu inaomba, halmashauri inatuma wapimaji, wanafanya tathmini sita. Ikikubaliwa haizidi mwaka mmoja.

#4 Kichwangumu
"Uamuzi wa kijinga si ushahidi." Alhamdulillah, mimi niliyemkopesha shemeji mara tatu nimepona.

#5 MamaWatatu
Hapo kwa BintiSheria nakazia, ila niongeze kinachotokea mtaani. Mimi ndiye huyo mpimaji, nimeifanya kazi hii miaka mingi.

Meneja akiona haraka, anajipa idhini ya dharura mwenyewe, siku 7. Anaweza kuombea nyingine 7. Idhini ya kawaida halmashauri inatakiwa iimalize ndani ya siku 21. INATAKIWA. Mwaka wa 2013/14 maombi ya England nzima yalikuwa kama elfu kumi na tatu. Mwaka uliofuata yakapita laki moja. Sasa hivi yanapita laki tatu kwa mwaka, na watu wa kuyashughulikia hawajaongezeka mara ishirini na zaidi. Kwa hiyo kuna foleni ya maombi elfu na elfu, na mengi hayamalizwi ndani ya siku hizo.

Mleta uzi, fomu uliyoiona bila majibu, tazama tarehe yake.

#6 KeaWaUsiku
Nimetazama usiku wa jana. Ina miezi saba.

#7 Mpigambizi
Doh.

#8 TaratibuTu
Msimtishe kijana. Kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinamlinda mtoa huduma anayefanya jambo kwa faida ya mgonjwa. Kama babu akitoka atagongwa na gari, unamzuia na hakuna wa kukushitaki.

#9 BintiSheria
TaratibuTu, nusu umepatia. Kifungu cha 5 kinakulinda ukimwogesha, ukimvisha, hata ukimshika mkono asivuke barabara, almradi nguvu iwe ya lazima na isizidi hatari yenyewe. Kumzuia dakika mbili asigongwe ni kitu kimoja. Kumweka ndani miezi saba ni kitu kingine. Hicho cha pili kinaitwa kumnyima uhuru, na kifungu cha 5 hakikifuniki.

#10 KeaWaUsiku
Kwa hiyo tunamfungia kinyume cha sheria?

#11 MamaWatatu
Kama idhini ya dharura ilishaisha na ya kawaida haijatoka, ndiyo, hakuna karatasi inayomshikilia. Lakini usikimbilie kumfungulia mlango usiku wa manane! Mwanzo wa kosa si wewe, ni foleni. Cha kufanya: mwambie meneja aandikie halmashauri, aeleze kwamba babu KILA SIKU anaomba kutoka. Neno hilo lina uzito. Halmashauri nyingi zinapanga foleni kwa kuangalia nani analalamika, na mzee anayekaa kimya kwenye kiti anasukumwa nyuma.

#12 MzeeWaKumbukumbu
Hiyo post #11 imenikumbusha chanzo cha haya yote. Vijana hamkuwepo.

1997 kulikuwa na bwana mmoja, mahakama inamwita HL tu. Ana usonji, hasemi. Alikaa hospitali ya Bournewood, huko Surrey, zaidi ya miaka thelathini, kisha 1994 akatolewa kwenda kuishi na mke na mume waliomtunza nyumbani kwao. Siku moja ya Julai, kwenye kituo cha kutwa, akachafukwa, akawa anajipiga kichwa. Walezi wake hawakupatikana. Akapewa dawa ya kumtuliza, akarudishwa hospitali. Hawakumweka chini ya sheria ya wagonjwa wa akili, kwa hoja kwamba hakupinga kuingia. Mtu hasemi, amepewa dawa, unasema hakupinga! Walezi wakazuiwa kwanza kumtembelea, eti akiwaona atataka kuondoka nao.

Kesi ikafika Baraza la Malodi 1998 (wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho), hospitali ikashinda. Jaji Steyn alisema kudai kwamba bwana yule alikuwa huru kuondoka ni hadithi ya paukwa pakawa (hiyo ni tafsiri yangu, lakini ndivyo alivyomaanisha). 2004 mahakama ya Strasbourg (ile ya Haki za Binadamu ya Ulaya) ikasema haki yake ya uhuru ilivunjwa: alizuiliwa bila utaratibu, na hakuwa na njia ya haraka ya kupinga mbele ya hakimu. Dolsi ilizaliwa kuziba tundu hilo.

Kwa hiyo anayekaa kimya ndiye sheria hii ilitungwa kwa ajili yake. Na sasa mpimaji anatuambia anayekaa kimya anasukumwa nyuma. Haya.

#13 MamaWatatu
Mzee wangu, shikamoo. Umenichoma lakini sina jibu.

#14 Kichwangumu
Marahaba kwa niaba yake. Endeleeni.

#15 Ndondondo
Swali dogo tu. Kwa nini maombi yaliruka kutoka elfu kumi na tatu hadi laki na zaidi kwa mwaka mmoja? Wazee hawakuongezeka hivyo.

#16 BintiSheria
Hukumu ya Mahakama ya Juu, 19 Machi 2014, inayojulikana kama Cheshire West. Kabla ya hapo mahakama za chini zilikuwa zinasema: kama mtu hapingi, ana furaha, na maisha yake ni ya kawaida kwa mtu mwenye hali kama yake, hajanyimwa uhuru. Mahakama ya Juu ikafuta hayo yote, ikabakiza maswali mawili. Je, yuko chini ya uangalizi na udhibiti wa muda wote? Je, hayuko huru kuondoka? Ukijibu ndiyo na ndiyo, amenyimwa uhuru, hata kama anapenda mahali alipo. Jaji Bi. Hale aliandika kwamba tundu la ndege hata likipakwa dhahabu linabaki tundu.

Na "kuondoka" hapo ni kuhama moja kwa moja, siyo kwenda dukani na kurudi.

#17 TaratibuTu
Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye kesi hiyo walikuwamo mabinti wawili, na mmoja wao alikuwa anaishi na mama mlezi anayempenda, anamwita mama. Leo mniambie yule binti alikuwa mfungwa? Ukipanua maana ya neno mpaka liwafunike wote, halimlindi tena yeyote. Majaji watatu kati ya saba walilikataa hilo kwa wale mabinti wawili.

#18 MzeeWaKumbukumbu
Walikataa, wakashindwa kwa kura moja. Hoja ya wengi ni kwamba uhuru wa mlemavu upimwe kwa kipimo kilekile cha uhuru wako wewe. Wewe ukifungiwa nyumba nzuri yenye runinga na mama mwenye upendo, utasema uko huru? Na kusema amenyimwa uhuru hakuna maana kwamba mlezi ni mbaya. Maana yake aje mtu wa nje mara moja kwa mwaka, atazame.

#19 TaratibuTu
Mara moja kwa mwaka, kwenye foleni ya miezi saba. Asante.

#20 Ndondondo
Turudi kwenye swali la mleta uzi: sheria ya 2019 ilikwenda wapi?

#21 BintiSheria
Ipo, imelala. 2014 kamati ya Baraza la Malodi ilisema dolsi haifai kwa kazi yake. Tume ya Sheria ikaandika mapendekezo, ikayatoa Machi 2017. Bunge likapitisha marekebisho Mei 2019. Mpango mpya unajulikana kwa herufi LPS: uanzie miaka 16, umfuate mtu popote alipo hata nyumbani kwake, tathmini tatu badala ya sita, na baada ya mwaka wa kwanza na wa pili idhini iweze kufika miaka mitatu. Anayepinga apelekewe mtaalamu maalumu. Ilikuwa ianze Oktoba 2020. Ikasogezwa Aprili 2022. Aprili 2023 serikali ikasema haitaianza ndani ya Bunge lile. Oktoba 2025 serikali iliyofuata ikatangaza itakusanya maoni upya.

Kwa hiyo wote waliokuambia wako sahihi, mkuu. Sheria imebadilika na haijabadilika.

#22 Kichwangumu
Kama ahadi ya fundi cherehani. "Njoo Ijumaa."

#23 Ndondondo
Kwa nini lakini? Bunge limepitisha, mfalme (malkia wakati ule) ameridhia, kilichobaki ni kubonyeza tu.

#24 TaratibuTu
Pesa. Ufundishe upya kila nesi, kila kea, kila afisa ustawi nchi nzima, ubadilishe na mifumo ya kompyuta.

#25 UlayaMpaka_lini
Korona. Ile Oktoba 2020 nani angefundishwa nini? Nyumba za wazee zilikuwa zinazika.

#26 MamaWatatu
Korona inaeleza 2020. Haielezi 2023. Mimi nilikuwepo kwenye mikutano wakati wa kutoa maoni 2022. Kitabu cha miongozo kilikuwa kinene kama tofali, na watu wakabishana juu ya sehemu ile ileile: kumnyima mtu uhuru ni nini hasa. Kama maana ni ile ya 2014, basi foleni inahama tu kutoka dawati moja hadi jingine. Na mkiigusa, Strasbourg inawangoja. Mimi naona walikwama hapo.

#27 MzeeWaKumbukumbu
Mimi naona ni rahisi zaidi. Wanaonyimwa uhuru hawa hawapigi kelele na wengi hawapigi kura. Waziri gani atapoteza kiti kwa ajili yao?

#28 BintiSheria
Mzee, tusisahau pia kwamba watetezi wenyewe waliipinga. Muswada ulipoingia Bungeni 2018 ulimpa meneja wa nyumba ya matunzo kazi ya kupanga tathmini za watu walewale wanaomlipa kwa vitanda vyao. Watu wakapiga kelele, wakabadilisha baadhi ya vifungu. Wengine hadi leo wanasema bora dolsi mbovu yenye mpimaji wa nje kuliko LPS nyepesi yenye karatasi tu.

#29 TaratibuTu
Nasimama na pesa.

#30 Mwanamama_Leicester
Salamu. Nimesoma kimya tangu juzi, ngoja niseme yangu. Mama yangu alipata kiharusi, akalazwa. Mimi mtoto wa kwanza, hati ya uwakilishi ninayo, imesajiliwa kwa Mlinzi wa Umma, nililipia mwenyewe. Nikafika wodini nasema mama anakuja kwangu. Daktari akachukua hati, akasoma, akaniambia: hii ni ya mali na fedha. Ya afya na ustawi unayo? Sikuwa nayo. Sikujua ni hati mbili! Na mama alikuwa hawezi tena kuitengeneza ya pili, kwa sababu lazima uitengeneze ukiwa na akili zako.

Wakakaa kikao cha kuamua kinachomfaa. Waliniuliza, ndiyo, lakini kuniuliza si kuamua. Akapelekwa nyumba ya matunzo maili arobaini kutoka kwangu.

#31 KeaWaUsiku
Pole sana dada.

#32 BintiSheria
Pole dada yangu. Ili mwingine asiingie humo: hati ya fedha inaweza kutumika hata mwenyewe akiwa bado ana uwezo, akiruhusu. Ya afya inaanza kazi pale tu anaposhindwa kuamua. Na watu wengi wanadhani ndugu wa karibu ana saini ya kuamua. Hana. Mke hana, mume hana, kifungua mimba hana.

Kingine kinachowashangaza wengi: hata ukiwa na hati ya afya, huwezi kuidhinisha mzazi wako anyimwe uhuru. Ila ukikataa ndani ya mamlaka yako halali, dolsi haitoki. Unaweza kufunga mlango wa idhini lakini huwezi kuufungua.

#33 Mwanamama_Leicester
Hilo hawakuniambia.

#34 Kichwangumu
Jana nimempigia baba anataka kujua hati ni ngapi. Akaniuliza kama nataka kumrithi angali hai. Mazungumzo yamekufa hapo.

#35 UlayaMpaka_lini
Nitoke nje kidogo. Pana bibi jirani yangu, akili yake timamu kabisa, anafanya hesabu kuliko mimi. Mjukuu anakuja kila tarehe ya pensheni anaondoka na pesa. Nikimwambia bibi, anasema "ni mjukuu wangu." Je, sheria hii inamsaidia au mpaka awe hana uwezo?

#36 MamaWatatu
Swali zuri, watu huchanganya hapo kila siku. Ulinzi wa mtu mzima uko kwenye Sheria ya Matunzo ya 2014, kifungu cha 42. Haiulizi kama hana uwezo. Inauliza mambo matatu: anahitaji matunzo? Anadhulumiwa au yuko hatarini? Na je, ni kwa sababu ya mahitaji hayo kwamba hawezi kujikinga? Ikiwa ndiyo, halmashauri lazima ichunguze. Ripoti tu.

Ila jiandae: wataenda kumuuliza bibi anataka nini. Na anaweza kusema mwacheni mjukuu wangu.

#37 TaratibuTu
Na hapo sheria inamwacha aliwe mchana kweupe.

#38 BintiSheria
Siyo lazima. Kama amefungwa mdomo na hofu, Mahakama Kuu ina mamlaka yake ya asili ya kuingilia hata kwa mtu mwenye uwezo. Mahakama ya Rufani ililithibitisha 2012. Lakini ni njia nyembamba. Kama bibi haogopi, anapenda tu, basi anapenda.

#39 MzeeWaKumbukumbu
Pesa zake, mjukuu wake. Sisi wote tumeliwa na tunaowapenda.

#40 Kichwangumu
Shemeji, unasoma hapa?

#41 Ndondondo
Nimesoma Ireland waliachana na haya. Aprili 2023 walifuta utaratibu wa zamani wa kumfanya mtu kuwa chini ya mahakama, uliotegemea sheria ya wendawazimu ya 1871, wakaweka watu wa kusaidiana naye kuamua. Peru nayo 2018 ilifuta ulezi wa kisheria kwa watu wazima wenye ulemavu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inasema tuache kuamua kwa niaba ya mtu, tumsaidie aamue mwenyewe.

#42 TaratibuTu
Na aliye kwenye koma tumsaidie aamue nini?

#43 Ndondondo
Hapo wanasema ufuate tafsiri bora ya matakwa yake, siyo unachoona wewe kinamfaa.

#44 TaratibuTu
Na anayetafsiri ni nani? Ndiyo yaleyale, jina jipya.

#45 Mwanamama_Leicester
Si yaleyale. Kama wangeuliza matakwa ya mama, wangejua hakuwahi kulala mbali na watoto wake.

#46 KeaWaUsiku
Wadau, nimerudi na mrejesho. Meneja aliandika kama MamaWatatu alivyosema. Jumatano akaja mpimaji, mama mtu mzima, akakaa na babu karibu saa mbili. Alikuja makusudi alasiri, ikafika saa kumi babu akavaa koti. Mpimaji hakumwambia wanywe chai. Akamuuliza "unachelewa wapi?" Babu akasema kufunga mabanda ya kuku, mbweha wanatoka giza likiingia.

Miezi mitano mimi sijawahi kumuuliza.

Idhini imetoka, miezi mitatu tu, na ina sharti: atolewe nje kila siku kabla ya giza. Mwanawe ameelezwa kwamba babu anaweza kwenda kwa hakimu wa Mahakama ya Ulinzi bila kulipia wakili.

Sasa swali. Jioni tuko kea watatu kwa wazee ishirini na nane. Saa kumi ndiyo saa ya chakula. Nani anamtoa?

#47 MamaWatatu
Sharti ni la nyumba, si lako. Andika kila siku asiyotolewa, na sababu. Mpimaji akirudi ataomba hiyo orodha.

#48 TaratibuTu
Nilisema pesa.

#49 KeaWaUsiku
Leo nimemtoa mimi, dakika kumi, kabla sijaingia zamu. Tumezunguka jengo. Ameshika komeo la geti la nyuma, akalitikisa, akaona limefunga, akasema twende ndani. Kesho sina zamu.